Japani haikuunganishwa na magobori ya Nagashino

Hadithi ile imerudi tena, na safari hii imeandikwa kama jambo lisilo na ubishi: mwaka 1575, pale Nagashino, Oda Nobunaga, bwana wa vita aliyetaka kuitawala Japani nzima, alipanga magobori 3,000 kwa safu tatu, safu moja inafyatua, mbili zinashindilia, wapanda farasi wa Takeda, ukoo hasimu, wakafyekwa, na njia ya kuiunganisha Japani ikawa wazi. Watu wanapokezana hadithi hii bila kuigusa kwa ndani. Inaniudhi kwa sababu inaifunika kazi yenyewe iliyoiunganisha nchi ile: upimaji wa mashamba.

Tuanze na idadi. Ota Gyuichi, aliyemtumikia Nobunaga, aliandika magobori kama 1,000. Katika nakala mojawapo ya maandishi yake kuna alama ya tatu iliyochomekwa pembeni ya namba hiyo, na wataalamu mpaka leo wanavutana kuhusu uzito wa kuipa. Lakini safu tatu za kupokezana hazimo kabisa kwa Ota. Zimo kwa Oze Hoan, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 17 na kupenda kunogesha mambo. Jeshi la enzi ya Meiji, mwishoni mwa karne ya 19, likazichukua kwake, na vitabu vikafuata.

Halafu shika gobori lenyewe. Unamimina baruti mtutuni, unatumbukiza risasi, unashindilia, unatia baruti laini kwenye kisahani, unakifunika, unabana utambi unaowaka, unafunua, unalenga, unafyatua. Aliyezoea anatumia kama nusu dakika. Ukitaka safu tatu zipishane, maana yake mwenye utambi unaowaka anapita ubavuni mwa anayemimina baruti, kwenye bonde la majaruba yenye tope. Cheche moja inatosha kumuunguza mtu uso. Tena mstari ule ulinyooka kama kilomita 2 kando ya mto Rengo. Katika moshi na kelele zile, amri moja haifiki mwisho. Na wapigaji wenyewe wengi walikuwa wa kuazimwa: Hosokawa Fujitaka alipeleka kama 100, Tsutsui Junkei 50. Watu wa mabwana mbalimbali, hawajawahi kufanya mazoezi pamoja. Kinachoingia akilini ni vikundi vidogo nyuma ya uzio wa magogo, kila kimoja na msimamizi wake, wakifyatua kadiri walivyowahi kushindilia.

Vita ilianza asubuhi ikaenda hadi kama saa nane mchana, kwa hiyo lile shambulio moja la farasi halipo. Na kilichombana Takeda Katsuyori, mkuu wa ukoo ule, kilitokea nyuma yake: Sakai Tadatsugu, wa upande wa Nobunaga, alizunguka usiku na watu kama 4,000, wakiwemo wapiga gobori 500, akaiteka Tobigasuyama, ngome ya watu wa Takeda. Katsuyori akabaki kati ya kurudi nyuma huku anafukuzwa na kulivamia jeshi lenye watu mara mbili ya wake. Alishindwa vibaya, ndiyo. Lakini ukoo wake ulidumu hadi 1582, mwaka ule ule Nobunaga alipokufa katika hekalu la Honnoji akiwa bado hajafikisha nusu ya nchi mkononi.

Sasa kazi yenyewe. Toyotomi Hideyoshi, jemadari wa Nobunaga aliyeishika nafasi yake, alianza kupima mashamba mwaka huo huo wa 1582. Ufito wa mpimaji ulikuwa shaku 6 na sun 3 kwa vipimo vya Kijapani, kama mita 1.91. Mraba wa ufito mmoja ni bu 1, na bu 300 ni tan 1. Hapa ndipo wengi wanapapita mbio. Tan ya zamani ilikuwa bu 360. Shamba lililokuwa tan 10 likaandikwa tan 12, na hakuna aliyeongeza hata tuta moja. Kisha jaruba likapewa daraja: la juu lilihesabiwa koku 1.5 kwa tan, la kati 1.3, la chini 1.1. Koku 1 ni lita 180 hivi za mchele. Mchele wenyewe ulipimwa kwa pishi ya Kyoto, maana awali kila mahali palikuwa na pishi yake na ulinganisho haukuwezekana. Mwisho, jina la anayelilima shamba liliingia daftarini, na huyo ndiye aliyedaiwa kodi.

Haukuwa upole. Mwaka 1590 Hideyoshi alimwagiza Asano Nagamasa, mtumishi wake, kuhusu upimaji wa kaskazini, kwamba bwana akikaidi auawe pamoja na watu wake ngomeni, na wakulima wakikaidi waangamizwe kijiji kizima, hata kama ardhi itabaki bila mlimaji.

Na hesabu hazikuwa safi. Sehemu nyingine mabwana walijiandikia tu na kuwasilisha. Kwingine namba ilikuwa siasa: wapimaji wa Ishida Mitsunari, ofisa wa Hideyoshi, walipomaliza nchi ya ukoo wa Shimazu mwaka 1595, koku zake zilikuwa zaidi ya mara mbili ya zile za awali. Majaruba hayakuzaliana.

Lakini hata namba chafu ilifanya kazi, kwa sababu iligeuka askari. Hideyoshi alipoivamia Korea mwaka 1592, mabwana wa kisiwa cha Kyushu walitakiwa kutoa watu 5 kwa kila koku 100. Mwenye koku 10,000 analeta 500. Na ardhi ikishakuwa namba, bwana anaweza kung'olewa alikozaliwa akapandwa kwingine. Mwaka 1590, baada ya Odawara, ngome ya ukoo wa Hojo, kuangukia kwa Hideyoshi, bwana mkubwa Tokugawa Ieyasu aliacha jimbo la Mikawa la baba zake akahamia Kanto, mashariki. Oda Nobukatsu, mtoto wa Nobunaga mwenyewe, alikataa kuhama, akanyang'anywa vyote. Hakuna gobori lililohitajika.

Kukusanya panga za wakulima mwaka 1588 kunajulikana zaidi, sitakaa hapo.

Ieyasu alilijua somo hili kwa mwili wake. Vita ya Sekigahara, mwaka 1600, iliyompa Ieyasu nchi baada ya Hideyoshi kufa, iliisha ndani ya siku moja. Kilichofuata ni madaftari. Katika mabwana waliompinga, Mori alishushwa kutoka zaidi ya koku milioni 1.1 hadi chini ya 400,000, na Uesugi, aliyekuwa na milioni 1.2 Aizu, akapelekwa Yonezawa na 300,000.