Waifai ya wazi: maana yake na nani anaingia

Waifai ya wazi ni mtandao ambao rauta yake, yaani kifaa kinachorusha intaneti, haidai nenosiri. Mtu akiona jina la mtandao huo kwenye simu anabonyeza, anaingia. Kwenye nyumba za kupanga za Kihesa, Iringa, vyumba vimepangana ukuta kwa ukuta, na jina hilo huonekana hata kwa watu usiowajua. Mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo rauta nyingi huyatumia, hupenya ukuta wa tofali la kuchoma na kutokea uani kwa jirani. Ya gigahezi 5 huchoka mapema, ila nayo hayajui mpaka wa kiwanja chako.

Wengi hapo huwaza bando. Ni kweli, kifurushi kinaweza kukauka usiku mmoja jirani akishusha filamu, au simu yake ikijisasisha tu bila yeye kuwa na nia mbaya. Lakini bando ndilo dogo. Nenosiri halizuii watu tu: kutokana nalo hutengenezwa funguo za kusimba, yaani kugeuza mafumbo, data inayoruka hewani kati ya simu na rauta. Kwenye rauta nyingi, pasipo nenosiri data hiyo inaruka uchi. Mwenye laptop na programu ya kunasa mawimbi hahitaji hata kujiunga. WhatsApp na tovuti za benki zina usimbaji wake, hivyo ujumbe hatausoma, ila mara nyingi ataona majina ya tovuti unazofungua. Zile tovuti kongwe ambazo anwani yake huanza na http isiyo na s atazisoma zote. Na akijiunga, anaweza kufika kwenye ukurasa wa mipangilio ya rauta yenyewe. Kama bado unafunguka kwa jina na nenosiri la kiwandani, admin na admin, anaweza kukufungia wewe nje.

Halafu kuna jina lako. Laini iliyo ndani ya rauta umeisajili kwa alama za vidole, kwa hiyo matusi yakitumwa kupitia kwako, maswali yataanzia kwako. Jirani naye ana lake: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na mimi sioni kama kukuta pako wazi ni idhini.

Kuficha jina la mtandao hakusaidii, programu za kawaida hulifichua. WEP, aina ya zamani ya ulinzi wa waifai, nayo achana nayo, udhaifu wake ulianikwa tangu 2001. Kwenye mipangilio ya rauta chagua ulinzi wa WPA2, au WPA3 iliyotoka 2018 kama rauta yako inayo, na nenosiri lisiwe namba ya simu.

Ukitaka kumgawia jirani, mgawie, si dhambi. Rauta nyingi zina mtandao wa wageni wenye nenosiri lake, ambao kwa kawaida haufiki kwenye vifaa vyako. Mkiacha kuchangiana vocha, unabadilisha hilo moja tu, simu za nyumbani haziguswi.