Kupunguza tanga maana yake nini, na kwa nini baharia wa peke yake anapunguza mapema hivyo

Kupunguza tanga sio kulishusha lote. Kwenye yoti unalegeza henza, ile kamba ya kupandishia tanga, tanga linashuka kiasi, ile sehemu ya chini unaibana kwa kamba zake afu unakaza tena, juu kinabaki kitanga kidogo. Matanga mengi yana daraja mbili au tatu za hivyo. Kwenye majahazi yetu mambo ni tofauti, kawaida linatuliwa tanga kubwa linatwekwa dogo, na hiyo kazi inataka watu.

Sababu yenyewe ni hesabu. Upepo ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 40, nguvu yake kwenye tanga haiwi mara 2, inakuwa mara 4. Chombo kinalala ubavu, usukani unakuwa mzito, na kile kifaa cha kujiendesha kinashindwa kushika njia, sasa ukiwa peke yako hicho ndo mwenzako wa zamu kwahiyo kikishindwa usingizi umeisha.

Chukua safari ya visiwa vya Canary mpaka Karibiani, kama maili 2,700 za baharini, wengi wanaondoka kuanzia mwisho wa Novemba msimu wa vimbunga ukiisha. Upepo uko nyuma karibu njia nzima, raha tupu, na hapo ndo unapodanganywa. Chombo kikienda kilomita 12 kwa saa na nyuma kuna upepo wa 35, we usoni unasikia 23 tu, unajiona uko poa, siku ukigeuza omo, yaani mbele ya chombo, kuuelekea upepo ndo unajua ulikuwa unacheza na nini. Na tanga kuu likiwa limesukumwa na upepo wa nyuma linang'ang'ania kwenye kamba za mlingoti, halishuki kirahisi.

Mawingu ya mvua nayo, mchana unayaona kwa mbali yana tako jeusi, usiku unashtukia tu nyota za upande mmoja hazipo, na upepo unaweza kuwa mara mbili ndani ya dakika chache. Baharia wa peke yake analala vipande vya dakika 20 au 30 hivi, maana meli kubwa ikitokea upeo wa macho haichukui muda kukufikia. Ndo maana wengi wanapunguza jioni bado kuna mwanga hata kama upepo ni mzuri, wanakubali kupoteza maili kadhaa. Swali lao sio kama chombo kinahimili, ni kama wao wataweza kupanda juu saa tisa usiku, wamejifunga mkanda, usingizi umejaa machoni, wakaifanya hiyo kazi bila kukosea. Wenye intaneti ya setilaiti wanapakua utabiri kila siku, ila utabiri haukwambii wingu lipi litapita juu yako. Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, aliyeshinda Golden Globe Race mwaka 2023 akizunguka dunia peke yake, hata GPS ya kuongozea hakuruhusiwa kutumia, mbio zile ni za vifaa vya kizamani.

Kurudisha tanga nako kuna mtego wake. Wingu likishapita upepo mara nyingi unakufa kabisa, chombo kinayumba, tanga linapigapiga mpaka linakera, unatamani ulitweke lote hapohapo, na nyuma kuna wingu lingine linakuja. Wengi wanavumilia makelele mpaka kupambazuke.