Kingani na Fifi: Manowari Moja, Bendera Mbili katika Ziwa Tanganyika

Manowari ya kwanza ya Wajerumani kutekwa na kuingizwa katika jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza haikutekwa baharini. Ilitekwa Ziwa Tanganyika, mbele ya Kalemie ya leo, huko Kongo, tarehe 26 Desemba 1915. Iliitwa Kingani, jina la mto unaoingia baharini karibu na Bagamoyo. Ilikuwa stima ndogo ya tani 45 hivi, na wiki sita baadaye, ikiwa chini ya bendera ya Waingereza na jina jipya la Fifi, iliizamisha stima nyingine ya Wajerumani iliyokuwa ikilinda nayo ziwa hilohilo.

Vita vilipoanza, Wajerumani ndio waliokuwa na nguvu ziwani. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo vipande vya meli na mizinga viliweza kuletwa hadi ufukweni. Agosti 1914 stima yao Hedwig von Wissmann iliishambulia na kuiharibu Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, kwenye mlango wa mto Lukuga. Tangu hapo walivusha askari wao na kushambulia pwani ya Kongo watakavyo.

Waingereza walijibu kwa boti mbili za injini za petroli, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi, mzinga wa ratili 3 (uzito wa kombora lake) omoni, yaani mbele, na bombomu ya Maxim tezini, yaani nyuma. Zilipojaribiwa katika mto Thames, mzinga mmoja uling'oka ukaanguka majini pamoja na mpigaji wake, kwa kuwa haukukazwa vizuri kwenye sitaha. Tukio hilo lilionyesha mapema taabu ambayo ingerudi ziwani: chombo chepesi hakivumilii teke la mzinga. Boti zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Fungurume huko Katanga. Kutoka hapo zilivutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kilomita 230 hivi kuvuka milima ya Mitumba, katika barabara iliyokatwa porini kwa mikono ya vibarua Waafrika. Zilimalizia safari kwa mto Lualaba na reli, zikafika Lukuga, ambayo ndiyo Kalemie ya leo, mwishoni mwa Oktoba 1915. Mkuu wa msafara alikuwa Geoffrey Spicer-Simson.

Kingani ilikuja kuchunguza pwani ya Wabelgiji bila kujua kwamba boti hizo zipo. Udhaifu wake ulikuwa mmoja na ulikuwa mkubwa: mzinga wake ulifungwa omoni, na uliweza kupiga mbele tu. Mimi na Toutou ziliiacha ipite, kisha zikaifuata kwa nyuma. Ili kujibu, nahodha alilazimika kuigeuza stima nzima, na stima ya mvuke hugeuka polepole mno mbele ya boti za petroli. Pambano lilichukua dakika 11. Kombora lilipenya ngao ya mzinga likamuua nahodha Junge na wasaidizi wake wawili waliokuwa hapo. Fundi mkuu wa injini alisalimu amri, na stima iliyotobolewa ikapelekwa haraka ufukweni isije ikazama.

Ilipozibwa, Waingereza hawakuirudisha majini kama walivyoikuta. Mzinga wake wa zamani ulihamishiwa tezini, na omoni ukafungwa mzinga wa ratili 12 kutoka kwenye ngome ya Wabelgiji ya ufukweni. Mzinga wa ratili 3 hurusha kombora la kilo 1.4 hivi, huu hurusha kilo 5.4, na hufika mbali zaidi. Teke lake nalo hukua kwa kiasi hicho, na wenye kuupachika mzinga wa nchi kavu kwenye stima ya tani 45 hawana pa kulikwepa.

Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ilitokea, ikaiona Fifi na Mimi, ikageuka kukimbia. Hapo gharama ya mzinga mpya ikaonekana: kila Fifi ilipopiga kuelekea mbele, teke liliisimamisha, na Hedwig ikazidi kutangulia. Mimi iliyo nyepesi ndiyo iliyoichelewesha. Ilikimbilia mbele ikipiga kutoka kilomita 2.7 hivi, haikupata shabaha, lakini mizinga ya tezini ya Hedwig haikuifikia, kwa hiyo Hedwig ikabidi izunguke ili itumie ile ya omoni. Kila mzunguko ulipunguza mwendo wake, na Fifi ikasogea.

Makombora ya Fifi yakabaki matatu, na moja likagoma ndani ya mtutu. Kombora lililogoma halitolewi papo hapo, maana baruti huweza kushika moto kwa kuchelewa, na ukiwa umeshafungua mzinga hulipukia usoni mwa wapigaji. Dakika 20 zilipita kabla ya mzinga kufaa tena. Kisha kombora moja likatoboa ubavu wa Hedwig na jingine likapasua boila. Nahodha Odebrecht akaamuru watu waiache stima, nayo ikazama.

Adui aliyebaki alikuwa Goetzen, meli kubwa ya Wajerumani yenye urefu wa mita 67, ikibeba mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji Julai 1915. Kombora lake lilikuwa la kilo 17 hivi. Spicer-Simson hakutaka kuikabili kwa Fifi, na kwa hesabu hiyo hatuoni sababu ya kumlaumu. Asichojua ni kwamba mzinga ule uling'olewa baadaye ukapelekwa kwenye vita vya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa mbao wa kutishia tu.

Mgeni wa Kigoma anaweza kusikia kwamba MV Liemba, meli kongwe ya ziwa hilo, ndiyo iliyotekwa na Waingereza. Sivyo. Liemba ni Goetzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916 baada ya kupaka injini grisi nzito ili zisioze. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na ikaanza kazi upya mwaka 1927. Iliyotekwa ikiwa inapigana, ikapachikwa mzinga mwingine na kurudishwa vitani, ni Kingani.