Je, wajua kwa nini mafuta ya karafuu humdhuru paka anayejikuna?

Msimu mmoja wa karafuu nilikuwa Wete, Pemba, kwa shangazi yangu. Jioni, kama ilivyo ada, watu wameketi ukumbini wanachambua: karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule, nyumba nzima inanukia. Pembeni mwa jamvi alilala Tunda, paka jike wa rangi ya majivu, naye kazi yake ilikuwa moja tu: kujikuna. Anakuna shingo, anageuka anajitafuna shina la mkia, anatulia kidogo, anaanza tena. Ukimpitishia vidole unahisi vipele vikavu, vidogo kama chembe za mchanga, vimejificha chini ya manyoya.

Shangazi akamwonea huruma. Akaingia ndani, akatoka na kichupa cha mafuta ya makonyo. "Haya, mwanangu, yananituliza jino tangu nikiwa msichana. Yatashindwa na muwasho?" Akampaka shingoni mpaka mgongoni.

Haikupita saa moja, Tunda akaanza kudondokwa na mate. Akasimama, akapepesuka kama aliyelewa, akajikokota mpaka uvunguni mwa kitanda. Kichwa cha samaki aina ya changu, ambacho siku zote hugombania, alikiangalia tu. Tulimwogesha kwa sabuni ya vyombo, tukamfunga kanga, na usiku kucha shangazi hakulala. Alipona, alhamdulillahi. Shangazi ameniruhusu nikisimulie kisa hiki, maana ninajua si yeye peke yake visiwani mwenye kichupa kile na moyo ule.

Basi kwa nini kitu kinachomtuliza mtu kimtese paka?

Harufu tunayoijua ya karafuu inatokana na kemikali iitwayo yujenoli. Ndani ya mafuta ya karafuu au ya makonyo ndiyo sehemu kubwa, aghalabu zaidi ya asilimia 70. Mkarafuu, kama mimea mingine mingi, hutengeneza kemikali za aina hii kujikinga na wadudu na ukungu. Ikiingia mwilini mwako, ini huichukua na kuifunga pamoja na asidi fulani itokanayo na sukari. Ikishafungwa hivyo inayeyuka vizuri kwenye maji, figo inaitoa, unaikojoa, yamekwisha.

Kufunga huko ni kazi ya vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini, na paka hana kimoja muhimu kati ya hivyo. Jeni ya kukitengeneza anayo, lakini imeharibika tangu enzi na enzi. Si paka wa nyumbani tu. Simba na duma nao wako hivyo hivyo. Wanasayansi wengi wanahusisha jambo hili na chakula chao: mnyama anayekula majani na matunda hulazimika kila siku kupambana na sumu ndogondogo za mimea, lakini anayekula nyama tupu hakuhitaji silaha hiyo, na ilipoharibika hakuona upungufu wowote. Mpaka alipokuja kuishi na sisi tuliojaza nyumba mafuta ya mimea na vidonge.

Kwa hiyo yujenoli ikimwingia paka, inakaa. Inazunguka kwenye damu kwa muda mrefu, ini linachoka, mishipa ya fahamu inavurugika. Na inaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ngozi yenyewe, hasa ile iliyokwisha chubuliwa na kucha. Ya pili ni ulimi. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoangalia nyuma, ni kama kitana, na sehemu kubwa ya muda anaokuwa macho anautumia kujisafisha nao. Chochote unachompaka mgongoni ujue umemnywesha.

Ukishalielewa hilo la ini, mambo mengine mengi yanajieleza yenyewe. Chukua dawa ya matone ya mbwa, ile inayodondoshwa kati ya mabega. Nyingi zina permethrini, sumu ya kuua wadudu. Mbwa anaivunja bila taabu. Paka hawezi, na ndani ya saa chache huanza kutetemeka, kisha degedege, na wengine hufa. Mashambani Unguja kuna nyumba zenye mbwa wa ulinzi uwani na paka ndani, na mwenye nyumba hununua kichupa kimoja akagawa. "Nimemtia kidogo tu," utamsikia. Dawa hizo ni kali mno kwa paka, kidogo hicho kinatosha. Hata paka anayelala ubavuni kwa mbwa aliyetiwa dawa leo yumo hatarini.

Panado nayo ni vilevile. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inaweza kumuua paka wa kilo 4. Fizi hubadilika rangi zikawa za kahawia au buluu, uso huvimba, pumzi hukata. Usimpe hata kwa nia ya kumtuliza maumivu.

Mafuta ya taa na oili chafu ya gari, ambayo bado watu huwapaka mbwa wenye upele, hayahusiani na ini la paka. Hayo huunguza ngozi ya mnyama yeyote, na akijilamba humharibu tumbo na mapafu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe pia si ya paka, hata ukiichanganya na ndoo nzima ya maji. Mafuta ya nazi safi hayana sumu, lakini hayaui kiroboto. Atayalamba na ataharisha.

Sasa turudi kwa Tunda, kwa sababu kuna swali ambalo bado hatujalijibu. Alikuwa anawashwa na nini?

Nilipomtazama sikuona kiroboto hata mmoja, na shangazi aliapa kwamba nyumba yake haina viroboto. Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Kinachomwasha paka hasa ni mate ya kiroboto, na wapo paka ambao miili yao huyachukia mate hayo kiasi kwamba kuumwa mara moja au mbili kunatosha kumkunisha kwa siku nyingi. Kiroboto mwenyewe huwa ameshalambwa na kumezwa. Ndiyo maana paka kama huyo ukimwona na vijipunje kama mchele karibu na haja kubwa usishangae: ni vipande vya tegu, na tegu huyo humpata kwa kumeza kiroboto.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Mchane kwa kitana cha chawa juu ya kitambaa cheupe. Zikidondoka chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, ziweke kwenye pamba iliyorowa maji. Ngoja kidogo. Zikigeuka wekundu wa kutu, hiyo ni damu ya paka wako iliyopita tumboni mwa kiroboto. Tulifanya hivyo asubuhi ya pili, na pamba ya shangazi ikawa nyekundu.

Kiroboto jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 40 kwa siku. Hayashiki kwenye manyoya. Yanadondoka popote paka anapolala, kwenye busati, kwenye nyufa za sakafu, chini ya kochi. Mayai yanakuwa mabuu, mabuu yanajifunga kwenye vifukofuko, na humo yanaweza kungoja miezi. Kishindo cha miguu, joto la mwili na pumzi ndivyo vinavyowaamsha. Ndiyo sababu mtu akifunga nyumba akaenda Unguja wiki tatu, akirudi na kufungua mlango anavamiwa miguuni. Wale unaowaona kwenye mnyama ni wachache tu wa kundi zima. Waliobaki wako sakafuni. Na hapa kwetu joto na unyevunyevu ni wa mwaka mzima, hakuna majira ya baridi ya kuwapunguza.

Kwa hiyo ukimtibu paka ukaacha mkeka, umetwanga maji kwenye kinu. Dawa iwe ya paka, iliyoandikwa hivyo na kupimwa kwa uzito wake, watiwe wanyama wote wa nyumbani kila mmoja na yake, na mrudie kwa muda ulioelekezwa kwa miezi mitatu angalau, kwa sababu vifukofuko havifi na dawa ya mgongoni. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa jua kali. Nyufa zifagiliwe, na taka zitupwe mbali siku ile ile.

Si kila kujikuna ni kiroboto. Manyoya yakinyonyoka kwa mviringo na ngozi ikatoa magamba, huenda ni choa, na hicho kinawapata watoto wanaombeba. Vigaga vikianzia ncha za masikio na kuenea usoni ni upele wa utitiri. Uchafu mweusi kama mashapo ya kahawa ndani ya sikio ni utitiri wa masikio. Na paka mweupe mwenye kidonda kisichopona kwenye ncha ya sikio au puani asicheleweshwe: jua letu linaweza kumletea saratani ya ngozi mahali hapo. Yote haya ni ya daktari wa mifugo, ambaye akikwangua ngozi kidogo na kuiangalia kwa hadubini anaweza kuona kilichomo.

Ikiwa umeshampaka paka kitu kisichomfaa, mwogeshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mzuie asijilambe, mpe joto. Usimtapishe. Mpeleke kwa daktari pamoja na kichupa chenyewe, hata kama anaonekana mzima, maana kutetemeka huweza kuanza baadaye.

Tunda alitiwa dawa yake. Busati lilikaa juani siku mbili, na shangazi alifagia nyufa za ukumbi kwa mkono wake mwenyewe, akiinamia kila pembe. Mwezi wa pili tangu hapo manyoya ya shina la mkia yakaanza kurudi, mafupi, meusi kidogo kuliko ya zamani. Kichupa cha makonyo kiko kabatini, juu kabisa, kinangoja jino.