Kivuli na uvuli

Neno kivuli nimelisikia tena juzi, kwenye mkutano wa mtaa. Mama mmoja aliuliza kwa nini kituo chetu kipya cha daladala hakikaliki mchana. Mtu wa mradi akamjibu kwa upole tu: "Lakini mama, kivuli tumeweka." Alimaanisha paa la bati juu ya nguzo nne. Mama akakaa chini, hana la kujibu, ingawa haki ilikuwa yake.

Hoja yenyewe ni nyepesi. Wapanga miji wanapozungumzia mahali pa kupoa wanamaanisha sehemu ya umma, iwe kituo, soko, uwanja au kipande cha njia ya miguu, ambapo yeyote anaweza kutua bila kulipa na mwili wake ukapunguza joto. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba tunapapima mahali hapo kwa neno kivuli.

Kivuli na uvuli ni shina moja, lilelile unalolisikia ndani ya mwavuli. Viambishi ndivyo vinavyoyatenga. Ki- inatupa kitu: lile umbo jeusi linaloanguka chini mwanga unapozuiwa. Kivuli kina mwenyewe, kina urefu, kinakufuata, mtu anaweza hata kukiogopa. Ndiyo maana tukapata na waziri kivuli. U- inatupa hali, kama katika ubaridi na utulivu. Uvuli ni hali ya mahali palipokingwa jua pakapoa. Siku hizi mitaani uvuli hausikiki sana, na kivuli kimebebeshwa mizigo yote miwili. Hata methali zimekitumia kote kote. Mchumia juani hulia kivulini: hapo ni uvuli unaosemwa, mahali pa kupumzisha mwili. Kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua: hapo ni lile umbo tu, na halimsaidii mtu.

Bati la kituo chetu liko upande wa fimbo. Joto halitujii kwa hewa peke yake. Bati lililochomwa tangu asubuhi linakurushia joto utosini, kama jiko la mkaa linavyokupasha uso hata ukikaa mbali nalo kidogo. Lami inakurushia kutoka chini. Ikipigwa na jua kali inaweza kupita nyuzi 60. Jani la mti halifiki huko. Linatoa maji kupitia vitundu vyake, maji yanageuka mvuke na kuondoka na joto, kwa hiyo jani linabaki karibu na joto la hewa. Tundika kipimajoto cha kawaida chini ya bati na kingine chini ya mwembe, huenda tofauti ikawa ndogo. Mwili wako hautadanganyika.

Halafu kuna upepo, ambao kwa Dar es Salaam ni nusu ya habari yote. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, ndilo lile fukuto. Chemchemi za maji zinazopoza miji yenye hewa kavu hapa hazina nguvu hiyo. Tunachohitaji ni hewa inayotembea. Sasa tazama vituo vingapi vimezibwa mgongoni kwa ubao wa matangazo.

Na jua halikai mahali pamoja. Mapema Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, linapita utosini kabisa mchana, ukuta haukingi chochote. Saa tisa alasiri limeshalala magharibi, na kile kivuli cha bati kimehama benchi. Kwetu saa hizo benchi ni tupu na chuma chake hakishikiki. Abiria wamejipanga mstari mmoja nyuma ya nguzo ya umeme. Muuza karanga amehamisha sinia lake ng'ambo ya barabara, chini ya mwarobaini, na bodaboda watatu wameegesha hapohapo, mmoja amelala juu ya tanki, miguu kwenye usukani.

Jiji hili linalijua jambo hilo. Mwembechai, Mwembeyanga, Mkwajuni, Mikocheni: mahali pa kukutania paliitwa kwa mti, na watu walielekezana hivyo.

Kwa hiyo ndugu yetu wa mradi hakusema uongo. Kivuli kipo, ukikitafuta saa yake utakiona. Ila alichojenga kinaitwa paa, na paa lina kazi yake, masika tutamshukuru. Mama alikuwa anaulizia uvuli. Huo ulikuwepo palepale mpaka mwaka juzi, kabla mti wa mkungu haujakatwa kupisha nguzo.