Watoto wanapungua, uzazi wa mpango wa nini tena?

Miaka ya 1960 mwanamke duniani alizaa wastani wa watoto 5. Leo wastani huo ni kama 2.3, na zaidi ya nusu ya nchi ziko chini ya 2.1, kiwango ambacho kizazi kimoja hujaza nafasi ya kilichotangulia. Hofu nayo imegeuka: jana tuliambiwa watu ni wengi mno, leo tunaambiwa watakwisha. Katika hofu zote mbili uzazi wa mpango hutazamwa kama bomba ambalo serikali hulifungua ikitaka watu wachache na kulifunga ikitaka wengi. Dhana nyingi potofu zifuatazo zimetoka humo.

"Uzazi umeshuka, kwa hiyo watu wanapungua."

Kiwango cha uzazi na idadi ya watu ni vitu viwili. Kiwango cha uzazi hupatikana kwa kuwachukua wanawake wa kila rika, miaka 15 hadi 49, kuangalia wamezaa kwa kasi gani katika kipindi kifupi cha karibuni, kisha kujumlisha rika zote. Matokeo yanasema mwanamke mmoja angezaa watoto wangapi iwapo angepita rika zote hizo kwa mwenendo wa leo.

Tanzania, utafiti wa 2015/16 ulikuta watoto 5.2 kwa mwanamke. Wa 2022 ukakuta 4.8. Uzazi umeshuka. Lakini sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9 na ya 2022 milioni 61.7, ongezeko la 3.2% kwa mwaka. Kwa mwendo huo idadi ya watu huongezeka mara mbili ndani ya miaka 22 hivi. Hakuna mgongano hapo: wasichana waliozaliwa enzi za familia kubwa ndio wanaoingia umri wa kuzaa sasa, nao ni wengi. Hata kila mmoja akizaa wachache kuliko mama yake, vitanda vya wodi ya wazazi vitaendelea kujaa kwa miongo kadhaa.

Wastani wa taifa nao huficha mambo. Kenya ilikuwa na 3.4 mwaka 2022, lakini Nairobi ilikuwa 2.5 na Mandera 7.7. Sera iliyoandikwa kwa kuitazama 3.4 haitamfaa mtu wa Nairobi wala wa Mandera.

"Huduma zikibanwa, watoto wataongezeka."

Jaribio hili limeshafanywa, tena kwa mkono wa chuma. Oktoba 1966 serikali ya Nicolae Ceaușescu nchini Romania ilitoa Amri 770 iliyopiga marufuku utoaji mimba isipokuwa kwa sababu chache, na dawa za kupanga uzazi zikawa hazipatikani kihalali. Mwaka uliofuata watoto waliozaliwa karibu waliongezeka maradufu, na kiwango cha uzazi kikaruka kutoka 1.9 hadi 3.7. Wanaoisifu sera hiyo huishia kwenye mwaka huo mmoja.

Baadaye watu walizoea. Wenye fedha walinunua vidonge kwa magendo, wengine wakaenda kwa watoa mimba wa vichochoroni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzazi ulikuwa umerudi karibu na 2. Serikali ikaongeza ukali: kodi kwa wasio na watoto, wanawake kupimwa mimba makazini. Kilichopanda ni vifo. Kufikia 1989 Romania ilikuwa na vifo vya uzazi kama 170 kwa kila vizazi hai 100,000, kiwango cha juu kabisa Ulaya, na zaidi ya vinne kati ya kila vitano vilitokana na utoaji mimba usio salama. Amri ilifutwa mwishoni mwa Desemba 1989. Ndani ya mwaka mmoja tu kiwango hicho cha vifo kilishuka kwa karibu nusu. Hospitali zilikuwa zilezile na madaktari walewale. Kilichobadilika ni sheria.

Iran ilipita njia nyingine, na ni mfano wenye mafunzo zaidi kwetu. Mwaka 1989 ilianza kutoa uzazi wa mpango bure kupitia nyumba za afya vijijini, na wachumba walitakiwa kuhudhuria mafunzo kabla ya ndoa. Kiwango cha uzazi kilishuka kutoka zaidi ya 6 katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu 2 kufikia 2000. Kisha upepo ukageuka: sheria ya 2021 ilizuia vituo vya umma kugawa dawa hizo bure na kubana sana ufungaji kizazi kwa wanaume na wanawake. Watoto wanaozaliwa kwa mwaka wameendelea kupungua. Aliyepokonywa huduma ni mwanamke maskini aliyetegemea kituo cha umma. Mwenye uwezo bado ananunua duka la dawa.

Poland nayo ilibana utoaji mimba zaidi baada ya hukumu ya mahakama ya Oktoba 2020. Mwaka 2024 uzazi wake ulikuwa 1.1.

Watu huahirisha mtoto kwa sababu ambazo zahanati haizitibu. Katika ripoti ya 2025 ya UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, iliyotokana na maoni ya watu zaidi ya 14,000 katika nchi 14, asilimia 39 walitaja fedha kuwa kilichowazuia kupata idadi ya watoto waliyoitaka. Ukimnyima sindano mtu asiye na kodi ya nyumba, bado hana kodi ya nyumba.

"Haki ya uzazi wa mpango maana yake kila mwanamke atumie njia."

Upotofu huu huenezwa na wapinzani wa uzazi wa mpango na, aibu iliyoje, na baadhi ya watekelezaji wake. Tangazo la Tehran la 1968, la mkutano wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu, lilisema wazazi wana haki ya kuamua kwa uhuru na kwa kuwajibika idadi ya watoto na nafasi kati yao. Nchi 179 zilizokutana Cairo mwaka 1994, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa idadi ya watu na maendeleo, ziliikataa mantiki ya malengo ya idadi ya watu. Walikuwa na sababu: India, mwaka 1976 na 1977, ilifunga kizazi watu zaidi ya milioni 8 kwa shinikizo la idadi iliyopangiwa kila wilaya kufikisha, na hata baada ya Cairo, Peru chini ya Rais Alberto Fujimori iliwafunga kizazi zaidi ya wanawake 270,000, wengi wao wa jamii za asili, na wengi bila ridhaa ya kweli.

Leo shinikizo huja kwa adabu zaidi, kupitia fomu. Mtoa huduma akipimwa kwa idadi ya vijiti vya kuzuia mimba, vile vya chini ya ngozi ya mkono, alivyoweka mwezi huu, ataweka vijiti. Nani anapima vilivyotolewa? Kutoa kijiti kunahitaji mtu aliyefundishwa, dawa ya ganzi, wembe wa upasuaji, koleo ndogo na muda. Kilichowekwa kwa kina kupita kiasi kinahitaji rufaa. Kampeni ya siku mbili inayoweka vijiti na kuondoka bila kuacha vifaa wala fundi wa kuvitoa imemfunga mwanamke miaka 3 hadi 5, hata kama alitabasamu kwenye picha. Gharama ya kutoa ihesabiwe siku ileile ya kuweka, na huduma isikataliwe kwa maneno "bado muda wake haujaisha".

Kipimo bora kipo na ni rahisi. Tafiti za DHS, zile za kitaifa za idadi ya watu na afya, huwauliza watumiaji: uliambiwa kuhusu njia nyingine? Uliambiwa kuhusu madhara? Uliambiwa ufanye nini ukiyapata? Siku hizi huongezwa la nne: uliambiwa kwamba unaweza kubadili njia? Wilaya yenye watumiaji wengi na majibu mengi ya "hapana" ina tatizo ambalo takwimu za matumizi peke yake haziwezi kulionyesha.

"Dawa zinaharibu kizazi."

Kuchelewa si kuharibika. Baada ya sindano ya miezi mitatu, ya Depo, wastani wa kupata mimba ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na mwanamke aambiwe hivyo kabla ya kuchomwa, maana asiyejua atadhani ameharibiwa na atawaeleza majirani hivyo. Kijiti na kitanzi vikitolewa, uwezo hurudi upesi. Kufunga kizazi pekee ndiko kwa kudumu. Magonjwa yanayoziba mirija ya uzazi ni klamidia na kisonono yasiyotibiwa, na ndiyo maana sera ya haki hujumuisha pia tiba ya ugumba. Kwa makadirio ya WHO mtu 1 kati ya 6 hukumbana nao maishani, na kwetu fungu lake la bajeti mara nyingi ni jembamba mno.

"Mume lazima akubali kwanza."

Mwongozo wa WHO wa 2014 unataka huduma itolewe bila sharti la ruhusa ya mwenzi. Kumshirikisha mume ni jema. Kumpa kura ya turufu ni jambo jingine.

"Familia zikiwa ndogo, bajeti ya dawa ipungue."

Hesabu inaonyesha kinyume. Chukua miaka 25 kati ya umri wa 20 na 45. Kila mtoto, pamoja na ujauzito na muda wa kunyonyesha, achukue miaka 2. Anayetaka watoto 6 hutumia miaka 12 hivyo, na hubakiwa na 13 ya kujikinga. Anayetaka 2 hutumia miaka 4, na hubakiwa na 21. Familia ikipungua, mahitaji yake yamepanda kwa zaidi ya asilimia 60, na hapo hatujaongeza idadi ya wanawake wenyewe, ambayo inakua.

Kenya iliona kinachotokea fedha hizo zikipungua. Uzazi ulishuka kutoka 8.1 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 4.7 mwaka 1998, kisha ukagoma: 4.9 mwaka 2003, wakati fedha na macho ya wafadhili yalikuwa yamehamia kwenye UKIMWI. Marekani ilipokata ufadhili wake wa uzazi wa mpango mwanzoni mwa 2025, pengo lilelile lilifunguka tena, kubwa zaidi.

Kwa anayepanga oda: mwaka mmoja wa kinga ya wenzi wawili huhesabiwa kuwa sindano 4 za Depo, au mizunguko 15 ya vidonge, au kondomu 120. Kitanzi kimoja cha shaba huhesabiwa miaka 4.6, na kijiti cha Jadelle 3.8, kwa kuwa wengine hukitoa mapema, kama walivyo na haki. Kwa sindano, vidonge na kondomu, zidisha kwa idadi ya watumiaji; kwa kitanzi na kijiti, hesabu kimoja kwa kila mtumiaji mpya; kisha ongeza akiba ya miezi michache kwa kuwa mzigo kutoka nje huchelewa, na uweke koleo na ganzi za kutolea kwenye oda hiyohiyo.