Jina la mtakatifu halitoshi kuifanya shule iwe ya parokia

Wazazi wengi Tanzania huamini kwamba shule yenye jina la mtakatifu na msalaba kwenye nembo ni ya Kanisa Katoliki. Si ajabu, maana shule nyingi za parokia huitwa hivyo kweli.

Lakini hata mtu binafsi anaweza kuipa shule yake jina hilo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 803, zinataka shule ya Kikatoliki iongozwe na mamlaka ya Kanisa au itambuliwe nayo kwa maandishi. Kinyume chake pia kipo: shule nyingi zilizojengwa na wamisionari, baadhi zikipakana na kanisa hadi leo, zilitaifishwa kufuatia sheria ya elimu ya 1969.

Shule ya mtu binafsi inaweza kuwa nzuri sana. Ila kama unamtafutia mwanao malezi ya Kanisa, una haki ya kujua. Muulize mkuu wa shule mmiliki aliyesajiliwa ni nani, uombe kuona cheti cha usajili, kisha pita ofisi ya parokia uulize kama shule ni yao. Ukibaki na shaka, nenda kwa ofisa elimu wa wilaya kabla hujalipa ada.